Mwili wa Violet uliachwa wapi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu.

Naandika nikiwa na hasira, unisamehe. Kazini hakuna anayesoma riwaya, na nyumbani mume wangu ameshasema hataki kusikia tena habari za majoka.

Kitabu ni Fourth Wing cha Mmarekani Rebecca Yarros, kilichotoka 2023. Kwa wasomaji wenzangu ambao hawajakifungua: Violet Sorrengail ni binti wa miaka 20 aliyelelewa awe mtunza kumbukumbu, kazi ya marehemu baba yake. Mama yake ni jenerali, naye anamlazimisha aingie upande wa wapanda majoka katika chuo cha kijeshi cha Basgiath. Huko anayeshindwa harudishwi nyumbani, anakufa. Huko huko yuko Xaden Riorson, ambaye baba yake aliongoza uasi, na mama yake Violet ndiye aliyemkamata mzee huyo na kusimamia kuuawa kwake. Mapenzi yanaanzia hapo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa. Sikukitafuta kitabu hiki kwa ajili ya mapenzi wala majoka. Nilikitafuta kwa sababu niliambiwa shujaa wake ana viungo vinavyoteguka ovyo, na kwamba mwandishi amesema hadharani kuwa yeye mwenyewe ana Ehlers-Danlos na mwili wa Violet ameutoa huko. Ni maradhi ya kurithi. Kolajeni, ile protini inayozipa kano na ngozi uimara, huwa na hitilafu, basi viungo vinalegea kupita kiasi na kuchomoka kwa jambo dogo. Sisi tunatumia kipimo cha Beighton chenye alama 9. Unamwambia mgonjwa arudishe kidole cha mwisho nyuma, alaze kidole gumba kwenye kigasha, anyooshe viwiko na magoti, kisha ainame aguse sakafu kwa viganja bila kukunja goti. Nina msichana wa sekondari ninayemhudumia, gumba lake linalala kwenye kigasha bila shida yoyote, na yeye mwenyewe hushangaa kwamba wengine hawawezi. Bega humtoka akijitwisha ndoo. Shuleni wameshamwita mvivu, na nyumbani walidhani anatafuta visingizio, kwa sababu ukimwona amekaa huoni ugonjwa.

Kwa hiyo sura za mwanzo nilizisoma kwa furaha kubwa. Violet anayafunga magoti yake. Kuna daraja jembamba la mawe lisilo na ukingo ambalo kila anayejiunga lazima alivuke, chini ni shimo. Dada yake, Mira, amempa viatu vyenye soli isiyoteleza. Kwenye foleni anamwona msichana asiyemjua, Rhiannon, ana viatu vya soli laini, wakati mvua inakuja. Wanabadilishana kiatu kimoja kimoja ili kila mmoja avuke akiwa na angalau mguu mmoja unaoshika. Hiyo ndiyo akili ya mtu anayeishi na mwili wa aina hii! Wagonjwa wangu wote wazuri wanafikiri hivyo: kabla ya kusogea wameshajua wataweka mguu wapi. Halafu yale mapambano ya mkekani. Anajua hawezi kumshinda mtu kwa nguvu, basi anachunguza mapema amepangiwa nani, na anamtilia kisumu kidogo kwenye chakula. Nilishangilia peke yangu zamu ya usiku.

Halafu majoka yakaja. Siku ya kuchaguliwa, Tairn, joka jeusi la kutisha kuliko yote uwanjani, anamchagua yeye. Sawa. Na lile joka dogo la rangi ya dhahabu, Andarna, nalo linamchagua. Mtu mmoja, majoka mawili, jambo ambalo kitabu chenyewe kinasema halijapata kutokea. Andarna ana uwezo wa kusimamisha muda. Baadaye Violet anajaliwa kuita radi. Mwalimu, radi! Mimi nilikuwa nangoja kuona mtu mwenye bega la namna ile ataishije vitani, nikaletewa binti mwenye silaha kuliko wote. Yule msichana wangu nimwambie nini? Asubiri joka?

Mengine nayataja haraka. Nchi yao, Navarre, iko vitani karne na karne na inahitaji wapanda majoka, lakini chuo kinawaacha vijana wake wasukumane darajani na kuviziana vitandani. Jeshi gani linaendeshwa hivyo? Xaden naye, kila akiingia mahali tunaelezwa upya kifua, taya, na ile alama inayompanda kutoka mkononi hadi shingoni, mpaka nikawa naruka aya nzima. Na Dain, rafiki wa utotoni. Kosa lake la kwanza ni kumwonea Violet huruma na kumsihi atoroke aende kwa watunza kumbukumbu. Ningekuwa mimi ningemwambia vivyo hivyo. Kitabu kinamgeuza mtu wa kuchukiwa ili Xaden apendeze. Adui wa kweli, wale venin wanaofyonza uhai wa ardhi, wanajitokeza kitabu kikiwa kinakaribia kwisha. Na ukurasa wa mwisho kabisa, kaka aliyekufa kumbe yu hai. Hapo nilikirusha upande wa pili wa kitanda.

Maswali yangu ni haya. Nakosea kudai ukweli kwenye hadithi ya majoka? Nisome cha pili? Na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, ana miaka 14, ameliona jalada na kila siku ananiambia, "Mama mdogo, niazime." Nimpe?

Msomaji wako, Morogoro


JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kitabu kikiwa pembeni, maana nami nilikisoma chote. Kuna mahali nakuunga mkono kabisa, na kuna mahali nitakupinga.

Hukosei kudai. Nimefundisha fasihi shule za sekondari maisha yangu yote ya kazi, na hakuna darasa lililokosa mwanafunzi wa kusema, "Si ngano tu Mwalimu, humo chochote kinawezekana." Hapana. Mtu akituandikia habari za Kariakoo akakosea jina la mtaa, tunamsamehe, kwa kuwa Kariakoo ipo na tunaijua. Anayetuambia kuna majoka hana pa kutupeleka tukahakikishe. Ana maneno yake tu. Akishasema ulimwengu wake una sheria hii, aishike mpaka mwisho, na siku atakayoivunja atuonyeshe imemgharimu nani.

Wazee wa pwani walilijua hilo. Mchukue Fumo Liyongo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ana nguvu zisizo za binadamu wa kawaida. Mkoba anaoubeba begani una kinu, mchi na mawe ya kusagia. Lakini akifungwa gerezani haokolewi na nguvu hizo. Mama yake anampelekea mikate kwa mkono wa mjakazi Saada, mizuri kwa ajili ya walinzi kuinyang'anya na mmoja wa wishwa ambao hawatautaka, na ndani ya huo wa wishwa mna tupa. Ngoma ya gungu inapigwa nje kwa kelele ili sauti ya tupa kwenye minyororo isisikike. Kila kitu kimetayarishwa mbele ya macho yetu. Na tunaambiwa mwili wake una mlango mmoja tu wa mauti, sindano ya shaba kitovuni. Basi ni sindano hiyo hiyo, mkononi mwa mwanawe mwenyewe, inayommaliza. Hakutokea jini wa kumnusuru. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wakakosa maji kwa kuogopa kumsogelea maiti. Nguvu zake zote za mwanzo zina maana kwa sababu ule mlango mmoja haukuzibwa.

Sasa Violet. Wewe unasema mwili wake uliachwa siku ya kuchaguliwa. Mimi nasema siku ile mwili bado ulikuwapo. Kumbuka alivyokuwa. Vijana watatu wenye silaha, Jack Barlowe akiwa mbele yao, wanaliendea lile joka dogo wakaliue kwa sababu wanaliona dhaifu. Violet angeweza kukaa kimya alipojificha. Akatoka, akasimama katikati, na viungo vile vile unavyovijua wewe. Tairn aliliona pigano lile na ndipo akamchagua. Hapo sina ugomvi na mwandishi, Violet amelipia alichopata.

Rudi pia kwenye sura za kujifunza kuruka. Violet anaporomoka mgongoni mwa Tairn, joka linamdaka angani, anapanda tena, anaporomoka tena, mpaka Tairn anaamua kumshikilia kwa nguvu zake ili asidondoke. Wewe ukimfunga mgonjwa banzi, hukumponya. Umemwezesha afanye kazi akiwa na ugonjwa wake. Tairn pale ni banzi. Nakuomba uyatenganishe mambo hayo mawili, kwa sababu katika hasira yako umeyatupa pamoja: msaada unaoukubali mwili ulivyo, na zawadi inayoufuta.

Kinachoufuta kinakuja baada ya hapo, na kwangu hata radi si ya kwanza. Cha kwanza ni ule ufungamano. Tairn na Sgaeyl, joka la Xaden, ni mume na mke. Tunaambiwa Violet akifa Tairn atakufa, Tairn akifa Sgaeyl hataishi, na Sgaeyl akifa Xaden naye amekwisha. Kwa siku moja, yule mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote za kumuua Violet amekuwa mlinzi wake wa lazima. Mpaka hapo nilikuwa nasoma nikimwogopa Xaden. Baada ya hapo sikumwogopa tena, na kila hatari iliyofuata niliisoma nikijua kuna mikono mingi ya kuizuia. Andarna na muda wake, radi na moshi wake, hivyo ni nyongeza juu ya nyumba iliyokwisha kuwekewa ulinzi. Kwa hiyo nakuunga mkono kwamba kitabu kiliahidi mwili unaovunjika kisha kikauzungushia ukuta. Tunatofautiana mahali ukuta ulipoanzia tu.

Lakini barua yako haikumtaja Liam Mairi, na hilo lilinisikitisha, maana huyo ndiye shahidi wangu kwamba mwandishi anaweza kulipa akitaka. Liam ni mtoto wa waasi, kijana mpole anayechonga sanamu ndogo za mbao, aliyepewa na Xaden kazi ya kumfuata Violet kila aendako. Tumeshaambiwa zamani kwamba joka likifa mpandaji wake hufuata. Katika vita vya mwisho Deigh, joka la Liam, anauawa. Liam anakufa mikononi mwa Violet akimwomba amwangalie mdogo wake, Sloane. Radi haikusaidia kitu pale. Kusimamisha muda hakukusaidia. Sheria ilisemwa, ikatekelezwa juu ya mtu tuliyempenda. Zile kurasa nilizisoma nikaweka kitabu chini nikatoka nje kwanza. Kama kitabu kizima kingeandikwa kwa moyo ule, leo wewe ungekuwa unaniandikia barua nyingine.

Kuhusu chuo sina la kukitetea. Tunaelezwa kwamba majoka hayawataki wanyonge, lakini ni maelezo ya mdomo, na jeshi lenye upungufu halichomi akiba yake.

Kuhusu Dain nakupinga, na nakupinga kwa kutumia kazi yako mwenyewe. Umesema ungemwambia Violet vivyo hivyo, atoroke. Siku ya kwanza, sawa, hata mimi. Lakini Dain anaendelea kulisema baada ya daraja, baada ya mkeka, na hata baada ya Tairn. Kila anachofanikiwa Violet, Dain anakiona ni bahati itakayokwisha kesho. Wewe huwaoni wazazi wa namna hiyo kila wiki? Mtoto ameshaanza kutembea vizuri na banzi, mama bado anambeba kwa mapenzi, na misuli inazidi kusinyaa. Xaden, kwa ukali wake wote, alimpokonya visu mkekani kimoja baada ya kingine, akamjulisha kwamba anajua habari ya sumu, kisha akamfundisha kupigana kwa mwili alionao. Ndiyo maana moyo wa binti ulikwenda huko, si kwa sababu ya taya. Halafu usisahau uwezo wa Dain: akikugusa anasoma kumbukumbu zako za karibuni. Alimgusa Violet bila idhini yake, na yaliyosomwa ndiyo yaliyowapeleka wenzake mautini. Mtu asiyekuamini kwamba unaweza, mwisho hakuulizi kabla ya kuchukua kilicho chako. Hapo mwandishi alijenga kwa uangalifu kuliko tunavyompa sifa.

Hizo aya za kifua na taya, ziruke tu. Nami niliziruka.

Na venin hawakuanguka kutoka mbinguni. Baba yake Violet alimwachia kitabu cha ngano ambacho anakwenda nacho chuoni, na viumbe hao wamo humo. Binti aliyekulia maktabani anagundua kidogo kidogo kwamba hadithi alizosomewa utotoni hazimo kwenye kumbukumbu rasmi za nchi. Mtu amezitoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo riwaya iliyojificha ndani ya riwaya, na ndiyo inayomrudishia Violet kazi aliyozaliwa nayo. Katika nchi inayoficha mambo, mtunza kumbukumbu ni mtu wa hatari kuliko mwenye radi. Laiti mwandishi angelikaa hapo zaidi. Huyo kaka Brennan aliyefufuka nami alinikera.

Basi, cha pili. Kinaitwa Iron Flame, kilitoka Novemba 2023, miezi sita tu baada ya cha kwanza, na haraka hiyo inaonekana. Cha tatu, Onyx Storm, kilitoka Januari 2025, na wiki ya kwanza ziliuzwa nakala milioni 2.7. Mfululizo umepangwa kuwa wa vitabu vitano. Sikutajii hesabu hizo ili ufuate umati. Ni ili ujue kwamba hautapata mwisho wa hadithi hivi karibuni, na mtu mwenye hasira kama yako afadhali ajue urefu wa safari. Ushauri wangu ni usikinunue. Kiazime. Humo Violet anarudi kwenye nyaraka, anatafuta jinsi kinga za nchi zilivyojengwa na waasisi, na hizo ndizo sura zako. Ukifika mahali ambapo yeye na Xaden wanagombana tena kuhusu siri, na watagombana sana, una ruhusa yangu kufunua kurasa mbele.

Mtoto wa dada yako asikisome sasa. Kiliandikwa kwa watu wazima. Sehemu ya pili ya kitabu ina mambo ya kitandani yaliyoelezwa waziwazi kwa kurasa kadhaa, na mauaji yake si ya katuni. Lakini usimwambie "hakikufai" ukakifungia kabatini, maana wa kidato cha pili ana simu ya rafiki na atakipata. Mwambie sababu kama mama mdogo anavyoweza kumwambia, mkiwa wawili. Kisha msimulie mwenyewe kwa mdomo ile siku ya daraja, tangu foleni, mvua na viatu, mpaka yule kijana Dylan aliyekuwa na pete ya mchumba wake alivyoteleza. Msimulie bila kupunguza. Atakuuliza maswali, na utajua yuko wapi.

Na yule msichana wa bega. Usimsimulie habari za Tairn kabisa. Msimulie viatu, kiatu kimoja kimoja, halafu muulize kwao ndoo inatwishwa na nani, na kama kuna mtu nyumbani wa kubadilishana naye kazi hiyo.